Bibi wa Nguzo ya Kumi na Tisa

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawajafika Kurunjalur, mji wetu wa hekalu. Yangu ina miaka kumi na tano, ina maua, ina foleni ya akina mama kila Ijumaa, na mwaka huu ofisi ya hekalu ikaamua kuivisha shaba.

Naitwa Vedaratnam. Watu huniita Mwalimu, ingawa sikuwahi kusimama darasani. Kwa miaka thelathini na miwili kazi yangu ilikuwa kunakili maandishi ya mawe. Unasafisha ukuta, unabandika karatasi mbichi, unaipiga kwa brashi nzito mpaka izame ndani ya kila herufi, kisha unaigongagonga kwa kitambaa cha wino. Ikikauka unaibandua, na maneno ya watu waliokufa miaka elfu iliyopita yanakaa meupe juu ya weusi. Nilipostaafu nikaanza kuwatembeza wageni hekaluni: wanafunzi, walimu, wazee wenye madaftari, wote wanaotaka kujua mawe yanasema nini. Naipenda kazi hiyo kuliko chakula. Na ni hiyo hiyo iliyoniponza.

Siku yenyewe nilikuwa na vijana arobaini wa chuo cha kilimo, walioletwa kwa lazima, jua la mwezi wa nne likiwaka mpaka mawe ya uani yanachoma nyayo. Tulifika nguzo ya kumi na tisa ya ukumbi wa kaskazini. Upande wake mmoja una mistari kumi na miwili ya maandishi, na chini ya maandishi amechongwa mwanamke mdogo asiyezidi shubiri. Ameshika taa. Taa imelika, ukitazama haraka utadhani ni kitu kingine. Nikaanza kuwasomea mstari wa kwanza. Mmoja akapiga miayo. Mwingine alikuwa amelala wima, sijui ufundi huo aliusomea wapi. Mimi hasira zangu ziko karibu, marehemu mke wangu alikuwa akisema hivyo kila siku. Nikafunga daftari.

“Mnamjua huyu?” nikawauliza. “Huyu ni Sengamalam. Alikuwa hazai. Akaja hapa Ijumaa arobaini na moja, akaipaka nguzo hii samli, akanong’ona haja yake. Mtazameni mikononi. Ameshika nini?”

“Mtoto!” wakasema wote kwa pamoja, wameamka.

Hapakuwa na Sengamalam yeyote. Lilikuwa jina la nyati wa maziwa wa Pechiamma, mama muuza maua pale langoni. Nyati yule alikuwa amenizibia njia asubuhi, na jina lake lilikuwa bado mdomoni mwangu.

Vijana wale walisahau kabla basi halijawasha moto. Dereva wao ndiye hakusahau. Alikuwa amesimama nyuma yetu, na mkewe alikuwa na mwaka wa tisa bila mtoto. Baada ya mwaka na nusu wakarudi watatu, na kopo la samli la kilo tano. Yule mama alinigusa miguu akilia. Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu: niliitunga. Sikusema. Nilifurahi. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilifurahi, kwa sababu miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kulia kwa ajili ya kitu nilichokisoma ukutani.

Maji yakimwagika hayazoleki, na samli vilevile. Walianza akina mama watano, wakawa hamsini, wote wakimwita Bibi. Walifunga vibembea vidogo vya mbao, ishara ya mtoto wanayemwomba, mpaka ukumbi ule ukawa giza. Samli ilijaa ndani ya herufi, ikavutia vumbi, ikavutia chungu, ikachacha. Kila mwisho wa mwezi wafagiaji waliikwangua kwa brashi ya waya. Unajua brashi ya waya inafanya nini kwenye herufi iliyochongwa kwa mkono na ikalika kwa mvua za miaka elfu? Mstari wa kwanza ulikwenda, wa pili ukafuata. Nakala yangu niliyoipiga nikiwa na miaka ishirini na sita ilikuwa imehifadhiwa ghalani, mchwa wakaila. Nilipopata habari hiyo nilikaa kitandani siku mbili. Maandishi yale yakabaki mahali pawili tu duniani: kwenye nguzo na kichwani mwangu, na kichwa changu sasa kina miaka sabini na mitatu.

Na bado sikusema, kwa sababu ya Ponmani.

Ponmani ni mke wa mwanangu Elango. Mwanangu anafanya kazi kiwandani mbali, anakuja mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nyumbani tuko wawili, mimi na mkwe wangu, tunagombana kuhusu chumvi. Alikaa miaka minane bila mtoto. Sikumwambia aende kwenye nguzo. Aliambiwa na mji mzima kabla hajafungua sanduku lake la harusi. Kila Ijumaa alioga, akasuka asmini kichwani, akachukua kikopo cha samli, na mimi nikajificha nyuma ya gazeti. Mwaka jana akashika mimba. Ilipofika miezi mitano ikaanza kutetereka, daktari akampa vidonge na kumwambia asiinue hata ndoo.

Basi baada ya Pongal, sikukuu ya mavuno, miwa ikiwa bado imeegemea mlangoni, Dhandapani, ofisa wa hekalu, akaniita ofisini. Mezani kulikuwa na mchoro.

“Habari njema, Mwalimu. Wafadhili wamepatikana. Ijumaa hii nguzo ya Bibi inavishwa vazi la shaba, kuanzia chini mpaka juu ya kichwa chako. Uso wake peke yake utabaki wazi. Vyuma ishirini na vinne vinaingia ndani ya jiwe, haitoki hata litokee tetemeko.”

“Vyuma vinaingia wapi?”

Akanionyesha kwa kalamu. Sita vilikuwa vinaingia katikati ya maandishi.

“Dhandapani, pale pana maandishi. Mistari kumi bado inasomeka ukiisafisha.”

“Maandishi yako kila ukuta hapa, Mwalimu! Mpaka chooni kuna maandishi. Bibi ni mmoja.” Akacheka, akanishika bega. “Usione wivu, na wewe umo. Wewe ndiye uliyetuletea Bibi. Kuhani atakufunga kitambaa cha hariri kichwani mbele ya watu wote.”

Heshima ile huikatai. Wanaofungwa hariri kichwani na kuhani ni wajenzi wa minara na watoa ardhi, na anayeikataa amemkataa mungu mwenyewe aliyemo hekaluni.

Usiku wa Alhamisi nilikusudia kumwambia Ponmani kwanza, asije kuyasikia mbele ya watu. Alikuwa amekaa sakafuni amenyoosha miguu iliyovimba, anachambua dengu.

“Mwanangu, nikuulize. Unaamini kweli kwamba yule Bibi ndiye aliyekupa huyo mtoto?”

Hakuinua uso. “Baba, daktari ameniambia nisitumaini sana. Mama mzazi ameniambia nisitumaini sana. Elango hasemi kitu, na nimechoka kumsikiliza asiposema kitu. Ni yule peke yake ninayemwambia kila kitu na hanijibu nisitumaini. Siku nikijua kwamba hayupo, hili tumbo litashikwa na nini?” Kisha akanitazama. “Kwa nini unauliza?”

“Basi tu,” nikasema. “Dengu zimeingia mawe, angalia vizuri.”

Sikulala. Nikikaa kimya, keekee ya fundi inatoboa jiwe asubuhi na maneno yale hayatasomwa tena na mtu yeyote. Nikisema, namkata Ponmani kamba aliyoshikilia. Niligeuka kulia, nikageuka kushoto, kote ukuta, na ukuta wenyewe nimeujenga mimi.

Asubuhi ilikuwa pia siku ya ziara. Kundi la wanafunzi ishirini wa usanifu majengo lilifika limevaa kofia, madaftari mkononi, na halikujua lolote. Niliwaongoza mpaka ukumbi wa kaskazini kama mtu anayesindikiza maiti. Akina mama walikuwa wamejaa. Pechiamma yuko mbele na kapu lake la maua. Ponmani amekaa chini ya kibembea, mgongo kwenye nguzo ya jirani. Fundi Shanmuga amekwishatandika mabamba yake ya shaba na kuchora misalaba ya chaki mahali pa kutoboa. Kuhani akaniinamisha kichwa, akanifunga hariri nyekundu, zumari ikalia, watu wakapiga vigelegele.

“Mwalimu, sema mawili matatu!” Dhandapani akapaza sauti.

Nikayasema. Niliwaambia kwamba hadithi ile niliitunga. Kwamba wanafunzi walikuwa wanasinzia na mimi nilikasirika. Kwamba yule mwanamke ameshika taa, hajawahi kushika mtoto, na hakuwahi kuwapo mtu aitwaye hivyo.

Nikasikia njiwa juu kwenye boriti. Sikuthubutu kumtazama Ponmani.

“Unasema nini wewe?” Dhandapani akauliza polepole.

“Nasema Sengamalam ni jina la nyati! Nyati wa Pechiamma! Muulizeni mwenyewe!”

Vichwa vyote vikamgeukia Pechiamma. Yule mama aliweka kapu chini, akajishika kiuno.

“Ni kweli,” akasema. “Nyati wangu aliitwa Sengamalam, Mungu amrehemu. Na nyati yule alizaa ndama kumi na wawili, hakuharibu hata mmoja!”

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Mama mmoja alilia kwa furaha. “Mmesikia? Kumi na wawili!”

“Pechiamma, sivyo, nawaambia mimi ndiye…”

“Nyamaza, Mwalimu. Ulisema kwa mdomo wako, sawa. Mdomo wako aliufungua nani? Watoto mia tatu wamezaliwa hapa, wewe ungeweza? Wewe mwenyewe una mmoja tu!”

Wakacheka tena, na wanafunzi wangu nao wakacheka, huku wanaandika. Nilikuwa nimetoa ukweli wote niliokuwa nao na ukawa muujiza mwingine juu ya muujiza. Dhandapani alimpa fundi ishara kwa kichwa. Keekee ikawashwa, na sauti yake ikanipanda kwenye meno.

“Maandishi!” nikapiga kelele. “Shanmuga, angalau hayo mashimo sita! Pana maandishi hapo!”

“Maandishi gani, Baba?”

Sauti ilikuwa ya Ponmani. Haikuwa kubwa, lakini fundi alizima mashine, kwa sababu mama mjamzito akisema Ijumaa mbele ya nguzo ile mtu hamkatizi. Uso wake ulikuwa umepauka. Alisimama kwa kushika kibembea.

“Miaka minane nakaa hapa,” akasema. “Kila ukija na wageni wako unatuambia, ‘Akina mama, tupisheni kidogo.’ Tunapisha. Unatugeuzia mgongo, unawasomea watu wa Chennai, unawasomea Wajerumani. Wanaandika, wanaondoka. Sisi ambao hukai siku mbili bila kutuona, ulitupa nyati. Kuna nini hapo kwenye jiwe kilicho kizuri mno hata sisi tusistahili kukisikia?”

Nilifungua ile hariri kichwani. Nikamsikia kuhani akivuta pumzi. Nikaifuta nayo samli, mstari kwa mstari, nikisugua kwa kucha pale palipogoma, mpaka hariri ya heshima ikawa tambara la jikoni. Kisha nikasoma kwa sauti, mistari miwili ya kwanza kwa kichwa na iliyobaki kwa kidole.

Kwamba mwaka wa kumi na moja wa utawala wa mfalme, wanawake saba wa mtaa wa mashariki, wawashaji wa taa za hekalu hili, walitoa dhahabu yao wenyewe kuchimba bwawa la Kurunjalur, ili mji usife kiu. Nikayasoma majina yao yote saba.

“Bwawa letu?” Pechiamma akauliza. “Hili tunalokunywa?”

“Hilo hilo.”

“Nilijua lilichimbwa na majini kwa usiku mmoja.”

“Walilichimbisha wao.”

Mama mmoja akaomba nirudie jina la nne, kwa kuwa lilifanana na la nyanya yake. Nikarudia. Walikuwa wamesogea wakanizunguka, wamemsahau fundi, na kwa muda nilisahau nilikotoka. Ndani yangu kulikuwa na raha ambayo sikuwahi kuipata kwa mgeni yeyote. Raha hiyo ikanipeleka mbele kwa kasi, nikasoma mistari miwili ya mwisho, ile ambayo huwa naiacha kwenye ziara. Karibu kila jiwe lina maneno ya namna hiyo, ni desturi ya makarani wa zamani, wageni huyacheka.

“‘Anayeilinda sadaka hii na maneno haya, miguu yake na iwe juu ya vichwa vyetu. Anayeviharibu ana dhambi ya aliyeua ng’ombe ukingoni mwa mto Ganga, na kizazi chake kisisimame.’”

Nilisikia neno la mwisho likitoka, nikataka kulishika kwa mkono.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama mmoja akaficha kikopo cha samli nyuma ya sari yake. Mwingine alianza kujifuta viganja, akajifuta, akajifuta. Shanmuga alizungusha waya wa keekee mkononi, akaiweka kwenye mfuko.

“Fundi, unakwenda wapi?” Dhandapani akafoka.

“Nina watoto wanne, bwana. Toboa wewe.”

Dhandapani hakutoboa. Alitazama misalaba ya chaki, akajisogeza hatua moja nyuma. Nguzo ilikuwa imepona. Kile nilichokitaka kwa miaka kumi na tano kilikuwa kimesimama mbele yangu kimefutwa samli.

Ponmani alikuwa ameweka mikono yote miwili tumboni.

“Baba. Haya maneno uliyajua?”

“Ponmani, hayo ni maneno ya makarani tu, kila mahali…”

“Uliyajua tangu lini?”

“Tangu nikiwa na miaka ishirini na sita.”

“Na kila Ijumaa uliniona natoka na samli.”

“Mwanangu, hakuna laana. Jiwe haliwezi…”

“Jana usiku ulikuwa unaniuliza kama naamini,” akasema. “Leo unaniambia nichague ninachoamini. Wewe una elimu, Baba. Mimi nina hili tumbo.” Alijifunga ncha ya sari begani, akatoka kwa mlango wa mashariki. Pechiamma alimfuata amemshika kiwiko, na akina mama wote wakafuata nyuma yao.

Wiki ile walimvisha bangili za kumtakia uzazi salama, akaenda kwa mama yake, kama desturi ilivyo. Tofauti ni kwamba hakuniaga. Elango alinipigia simu mara moja, akasema tu, “Baba, kwa nini hukunyamaza?” Nilidhani atauliza kwa nini sikusema mapema.

Ijumaa sasa akina mama wanakuja na unga wa kuoshea na brashi laini, wanaisafisha nguzo herufi kwa herufi. Ni kazi nzuri kuliko ya ofisi yoyote niliyoifanyia kazi. Majina saba wanayajua kwa moyo, wanayaimba. Mimi nikikaribia wananyamaza. Sokoni hawanisalimu, wananiuliza swali moja tu, “Ponmani hajambo?” na wanasubiri kuona uso wangu utasemaje. Ziara nimeziacha. Mara ya mwisho mwanafunzi aliniuliza kama laana ile imewahi kumpata mtu, nikamwacha amesimama katikati ya ukumbi.

Juzi mama yake Ponmani alipiga simu. Damu imeonekana. Daktari amesema alale ubavu mmoja, asinyanyuke hata kwenda msalani, wahesabu siku. Alisema hayo kwa adabu, bila kunilaumu. Ningefurahi kama angenitukana.

Nilikata simu, nikavaa shati, nikaenda. Ilikuwa saa saba mchana, hekalu limefungwa, lakini Irulandi mlinzi alinifungulia mlango mdogo akidhani nimesahau miwani. Ukumbi wa kaskazini haukuwa na mtu. Miaka arobaini na saba nimeisoma nguzo ile, nimeipiga karatasi, nimeipima, nimeidanganyia watu. Sikuwahi kupiga magoti mbele yake, na magoti yangu yalikataa, ikabidi nijishushe kwa kushika jiwe. Nikaweka paji la uso kwenye miguu ya yule mwanamke wa shubiri moja. Nilimwita kwa jina nililompa mimi, kwa sababu jina lake lingine silijui. Nikamwambia juu ya Ponmani. Nikamwambia mkosaji ni mimi, yule binti alikuwa anafuata njia niliyoichora mimi.

Nikasikia nyayo za Irulandi zikisimama nyuma yangu.

“Mwalimu?” akasema kwa sauti ya chini. “Si ulituambia huyu ulimtunga?”

“Nilimtunga,” nikamjibu, uso ukiwa bado chini. “Niache nimalize.”